Taka za dirishani: Deni la mtu usiyemjua



Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwendo wake.

Ndugu msomaji, katika safu hii ya afya tumezoea kuingia jikoni, chooni na kisimani, kwa kuwa huko ndiko watu wengi wanakodhani kwamba maradhi yanaanzia. Leo tunaomba tutoke nje ya nyumba, tupande gari. Mkazi wa Dar es Salaam anayeishi pembezoni mwa mji na kufanya kazi Kariakoo anaweza kutumia saa mbili, tatu hata nne za siku yake kituoni na ndani ya daladala. Muda huo ni mrefu kuliko ule anaoutumia msikitini kwa sala zake zote tano. Pamoja na hayo, darsa zetu zinatufundisha kwa urefu adabu za kuingia msikitini, adabu za chooni na adabu za mezani, lakini adabu za ndani ya gari tumemwachia konda atufundishe.

Jambo lenyewe kila mtu analijua. Abiria anamaliza kutafuna muwa, makapi anayatupa dirishani. Mwingine anabandua yai la kuchemsha, maganda yanabaki chini ya siti. Chupa ya maji ikiisha inarushwa barabarani, gunzi la mhindi linafuata, na bigijii inabandikwa chini ya kiti ili nguo ya abiria ajaye iing'oe. Huyu anakohoa kisogoni mwa mwenzake bila kuziba mdomo. Yule anatoa kichwa nje na kutema mate, nayo upepo unayarudisha kwenye dirisha la nyuma yake, usoni mwa mtu ambaye hakumkosea chochote.

Wengi wetu huyaita haya "ukosefu wa ustaarabu", tukacheka kidogo, tukashuka kituo kinachofuata. Kwa maoni yetu, jina hilo ni dogo mno. Jina lake sahihi ni deni. Ni haki ya mja iliyoliwa, tena ni deni la hatari kuliko madeni mengi, kwa sababu anayelidaiwa hamjui anayemdai wala hajui atamwona wapi tena.

JIRANI WA NUSU SAA

Katika Suratun Nisaa, aya ya 36, Allah (s.w.) anatuamrisha kumwabudu Yeye peke yake, kisha anawataja watu tunaotakiwa kuwafanyia wema: wazazi, jamaa, mayatima, masikini, jirani wa karibu na jirani wa mbali. Baada ya hao anatajwa rafiki aliye ubavuni. Miongoni mwa wafasiri wapo waliosema kuwa huyo ni mke, na wapo waliosema kuwa ni mwenza wa safarini, yaani yule ambaye njia imewakutanisha mkakaa bega kwa bega.

Ndugu msomaji, litazame jambo hili vizuri. Mtu mliyekutana naye Mbagala mkaachana Kariakoo, ambaye hujui jina lake, kabila lake wala dini yake, ana nafasi katika aya moja na mzazi wako na yatima. Ni jirani yako wa nusu saa. Jirani wa mtaani akikuudhi unaweza kufunga mlango. Huyu wa kwenye siti hana pa kwenda. Ukimkoholea, atavuta hewa hiyo hiyo. Ukiweka muziki wa simu kwa sauti ya juu, atausikiliza apende asipende. Ukipanda na kikwapa cha jana ukainua mkono kushika bomba, pua yake iko hapo hapo. Kwa kuwa hana pa kukimbilia, haki yake kwako ni kubwa zaidi.

Mtume (s.a.w.), kama walivyopokea Bukhari na Muslim, alimtaka aliyekula kitunguu saumu kibichi ajitenge na msikiti kwa sababu ya kuwaudhi wengine kwa harufu. Hebu tujiulize: ikiwa harufu ya chakula cha halali inamzuia mtu kuingia katika nyumba ya Allah kwa ajili ya kuchunga pua za wenzake, vipi kuhusu jasho la siku tatu katika gari ambalo abiria wamebanana kama dagaa? Maji ya ndoo moja na kipande cha sabuni kabla ya kutoka nyumbani havimshindi mtu wa kawaida, na mwenye kunuia kwamba anaoga ili asimuudhi ndugu yake, tunataraji atapata na thawabu.

KINACHOTUPWA HAKIENDI MBALI

Anayetupa taka dirishani huwa na dhana moja: gari linakwenda mbele, taka zinabaki nyuma, basi mambo yamekwisha. Dhana hiyo si kweli, na tuone kwa nini.

Chukua chupa ya plastiki iliyorushwa katika Barabara ya Morogoro. Mvua ya kwanza ikinyesha, chupa hiyo inasukumwa mpaka kwenye mtaro. Mtaroni inakutana na mifuko, makopo na makapi ya wengine, zikashikana zikawa kizibo. Maji yakikosa njia yanapanda barabarani na kuingia majumbani. Chupa itakayopita hapo itaingia katika mto Msimbazi, ambao unatoka kwenye vilima vya Pugu, unapita katikati ya jiji na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini Dar es Salaam, na wakazi wengi wa mabondeni walipoteza kila walichokuwa nacho. Hatusemi kuwa taka peke yake ndizo zilizoleta mafuriko. Yapo mambo ya mchanga unaojaa mtoni, ujenzi wa mabondeni na mvua zenyewe. Lakini mtaro ulioziba huigeuza mvua ya kawaida kuwa balaa, na mtaro hauzibwi na malaika.

Tazama pia jinsi taka zinavyomrudia abiria mwenyewe. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwezi Mei 2016, wengi tulimshukuru Allah kwa kupunguziwa adha. Lakini kwa miaka mingi eneo la Jangwani, ambapo njia ya mabasi hayo inavuka Msimbazi, limekuwa likifurika na huduma kusimama. Abiria anayelalamika kituoni kwamba basi haliji inawezekana kabisa kuwa chupa yake ya mwezi uliopita imo katika kizibo hicho.

Tuje kwenye maradhi. Homa ya dengue iliwasumbua sana watu wa Dar es Salaam mwaka 2014, ikarudi tena mwaka 2019. Mbu anayeieneza, tofauti na yule wa malaria anayeuma usiku, huuma zaidi mchana, na anapenda kuzaliana katika maji yaliyotuama kwenye vitu vidogo vidogo karibu na watu: kopo, tairi bovu, kifuu cha nazi, chupa iliyokatwa. Hahitaji bwawa. Maji ya mvua yaliyokaa katika chombo kilichotupwa yanamtosha, na kwa muda wa wiki moja au siku kumi hivi yai huwa limekuwa mbu kamili. Mayai yake yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri mvua. Kwa hiyo kopo la juisi lililorushwa kiangazi linaweza kuwa na mbu masika.

Isitoshe, dengue haina dawa maalumu ya kuiua. Mgonjwa hupumzishwa, hupewa maji kwa wingi na panadol ya kutuliza homa, na hukatazwa dawa za aina ya asprini kwa kuhofia kutokwa damu. Basi mtu anayewekea chandarua kitanda cha mwanawe usiku, kisha mchana akarusha makopo mtaani, anafunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi.

KIKOHOZI SI JAMBO DOGO

Yapo madhara yanayoonekana, na yapo yasiyoonekana. Kifua kikuu ni katika hayo ya pili. Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu kwa kipindi cha mwaka 2021 hadi 2025. Vijidudu vyake husafiri kwa hewa. Mgonjwa wa mapafu ambaye hajaanza dawa akikohoa, akipiga chafya au hata akiongea kwa nguvu, anatoa chembechembe ndogo zisizoonekana ambazo hubaki zikielea kwa muda mrefu katika chumba kisichopitisha hewa. Na ni chumba gani kisichopitisha hewa kuliko daladala iliyojaa, mvua inanyesha na vioo vyote vimefungwa?

Si kila anayevuta vijidudu hivyo huugua. Inakadiriwa kuwa karibu robo ya watu duniani wanavyo mwilini, na ni wachache kati yao, wastani wa watu 5 mpaka 10 katika kila 100, ambao huugua katika maisha yao. Lakini watoto wadogo, wenye kisukari, wenye upungufu wa kinga na wasiopata lishe nzuri wako hatarini zaidi. Hao wote wanapanda daladala, na hakuna aliyeandikwa usoni.

Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, alipopiga chafya aliufunika uso wake kwa mkono au nguo yake na kuipunguza sauti yake. Hiyo ni Sunna ya zaidi ya miaka 1,400. Mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona, dunia nzima ilifundishwa kwa mabango kuziba mdomo, na hapa kwetu daladala zikatakiwa kuchukua abiria waliokaa tu, na ndoo za maji na sabuni zikawekwa vituoni. Ulipopita ule woga, ndoo zikaondoka na mikono ikashuka kutoka midomoni. Je, tulikuwa tukiiogopa korona kuliko tunavyoipenda Sunna?

Wanafamilia wazingatie haya. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi aende kituo cha afya akapimwe. Matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya Serikali hutolewa bure, na kwa kawaida huchukua miezi sita bila kuruka dozi. Mgonjwa aliyeanza dawa na kuzimeza vizuri uwezo wake wa kuambukiza hupungua haraka. Hivyo asinyanyapaliwe wala asijifiche. Ndani ya gari, vioo vifunguliwe, na mvua ikinyesha viachwe angalau vichache wazi kidogo. Kulowa bega ni bora kuliko kuvuta hewa moja watu 40.

Ama kutema mate, Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kuwa kutema mate msikitini ni kosa na kafara yake ni kuyafukia. Msikiti wa zama zile ulikuwa na sakafu ya udongo na mchanga. Sakafu ya daladala ni bati, haina mchanga wa kufukia kitu. Mwenye kohozi atumie leso au karatasi laini, aikunje na kuiweka mfukoni mpaka afike penye pipa.

PAMPASI, MATAPISHI NA KUCHIMBA DAWA

Akina mama wanaosafiri na watoto wana mtihani wao, na tunauthamini. Lakini lipo kosa moja lililoenea: kudhani kuwa kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara, na kwa hiyo pampasi kutupwa dirishani si tatizo. Kinyesi cha mtoto kinabeba vijidudu vya kuharisha kama cha mtu mzima. Pampasi ikipasuka barabarani, nzi hutua juu yake kisha hutua kwenye maandazi na matunda yaliyokatwa yanayouzwa kituoni. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi kinatukumbusha kuwa safari ya kinyesi kufika mdomoni ni fupi.

Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, maarufu kama rambo, imepigwa marufuku Tanzania Bara, na Zanzibar walitangulia kuipiga marufuku mwaka 2006. Wapo wanaosema kuwa tangu hapo hawana cha kuhifadhia uchafu safarini. Jibu lake ni rahisi: kopo lenye mfuniko, lile lililokuwa la maziwa ya unga au la rangi ndogo, likioshwa linafaa kwa pampasi na hata kwa mtoto anayetapika. Likifika nyumbani linaoshwa kwa sabuni na kuanikwa juani kwa safari nyingine.

Kwa upande wa safari za mikoani, kuna hili tunaloliita "kuchimba dawa". Basi linasimama porini, abiria wanatawanyika vichakani na wengine kando kabisa ya lami. Mtume (s.a.w.) ameonya dhidi ya kujisaidia katika njia za watu na katika vivuli vyao, na katika upokezi mwingine dhidi ya kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, akaeleza kwamba matendo hayo humletea laana mwenye kuyatenda. Abiria wana haki ya kudai basi lisimame penye vyoo. Waislamu pia tukumbuke kuwa chupa ya maji ya kutawadhia haitupwi pale pale baada ya kumaliza. Inakuwa ajabu mtu kujitwaharisha mwenyewe na kuinajisi njia.

RAMADHANI NA TABIA MBILI

Tuseme jambo ambalo linatugusa sisi wenyewe zaidi. Katika mwezi wa Ramadhani, baadhi ya waliofunga hutema mate kutwa nzima, dirishani na mlangoni mwa gari, wakidhani kuwa kuyameza kunafunguza. Wanazuoni wa fiq'h wameeleza wazi kuwa mate ya mtu mwenyewe yaliyomo mdomoni mwake, kuyameza hakubatilishi funga. Basi mtu huyu anajitaabisha kwa jambo ambalo dini haikumtaka, na kwa jambo hilo hilo anawaudhi watu na kuwafanya wasio Waislamu waone kana kwamba kufunga ni kutema mate. Masheikh wetu wa mihadhara ya mchana wa Ramadhani walieleze hili mapema, kabla mwezi haujaanza.

Tabia ya pili ni wakati wa kufuturu. Magharibi inawakuta wengi barabarani, na ni jambo la kusifiwa kwamba wapo ndugu wanaosimama vituoni wakigawa tende na maji kwa abiria. Allah awalipe kheri. Lakini nusu saa baadaye, barabara imejaa chupa na kokwa za tende. Sadaka ya mtoaji imeingia mkono mmoja ikiwa ni thawabu, ikatoka dirishani ikiwa ni udhia. Tunawashauri wanaogawa wawe na utaratibu wa mwenzao mmoja kusimama na gunia kituo cha mbele akikusanya chupa tupu. Chupa hizo hununuliwa kwa kilo, na fedha yake inaweza kununua tende za kesho.

WANAYOYASEMA WATUPAJI

Ukimuuliza anayetupa, hakosi la kusema.

Wa kwanza atasema: "Wapo wanaolipwa kufagia." Ni kweli wapo. Wengi wao ni akina mama, wengine watu wazima, wanaoinama ukingoni mwa barabara huku magari yakipita karibu na migongo yao. Mtu huyo amelipwa kufagia vumbi na majani. Hakulipwa ili ahatarishe maisha akiokota ganda lako lililotua katikati ya lami. Ungependa mama yako ndiye awe anaokota?

Wa pili atasema: "Gari lenyewe halina pipa." Hoja hii ina ukweli, na wenye magari wana sehemu yao ya lawama. Lakini mfuko uliobeba chungwa likiwa zima unashindwaje kubeba ganda lake, ambalo ni jepesi zaidi? Kilichopanda na wewe kinaweza kushuka na wewe.

Wa tatu atasema: "Mbona kila mtu anatupa?" Huyu amesahau kuwa kila nafsi itasimama mbele ya Mola wake peke yake. Kwa Muislamu kuna na la ziada. Aliyevaa kanzu au hijabu ndani ya daladala haendi peke yake, anakwenda na Uislamu wake. Watu hawatasoma vitabu vyetu kabla ya kutuona. Kanzu nyeupe ikirusha ganda la ndizi dirishani, hiyo nayo ni da'awa, ila ni da'awa ya kufukuza.

NAMNA YA KUMKATAZA MWENZAKO

Wapo wanaochukia uchafu lakini dawa yao ni kelele. Mtu akitupa kitu, anatukanwa mpaka anashuka, na kesho anatupa tena kwa hasira. Mafunzo ya Mtume (s.a.w.) ni tofauti. Bedui mmoja alikojoa ndani ya msikiti wa Madina. Masahaba wakataka kumkemea, Mtume (s.a.w.) akawazuia mpaka yule mtu akamaliza, akaagiza ndoo ya maji imwagwe mahali pale, na upokezi wa Muslim unaongeza kuwa kisha alimweleza kwa upole kwamba misikiti haifai kwa jambo hilo. Mambo matatu yamo humo: hakumfedhehesha mkosaji, aliusafisha uchafu bila kuchelewa, na alimweleza sababu.

Hali kadhalika ndani ya gari. "Mwanangu, nipe hilo ganda nikuwekee humu kwenye mfuko wangu" ni maneno machache yanayofanya kazi kuliko khutba ya hasira. Mwenye sauti kubwa ya simu aambiwe, "Samahani kaka, nina mgonjwa kichwa kinamuuma." Na umuhimu wa kuanza ni mkubwa, kwa sababu abiria wengi wanachukizwa ila kila mmoja anamsubiri mwingine aseme.

TUFANYE NINI

Nyumbani. Mama na baba wawape watoto kifuko cha kitambaa ndani ya begi la shule na la madrasa kwa ajili ya taka, na leso ya kuzibia kikohozi. Mtoto akirudi aulizwe, "Taka zako ziko wapi?" kama anavyoulizwa kuhusu sala ya Adhuhuri. Kila anayetoka garini anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa kuwa bomba la daladala limeshikwa na mamia ya mikono na noti ya nauli imepita kwingi. Kwa sababu hiyo hiyo, ni bora kutokula garini vyakula vya kushika kwa mkono.

Madrasa na misikiti. Walimu wawafundishe watoto adabu za kupanda chombo kwa vitendo: dua ya safari, kumpisha mzee, mjamzito na mwenye mtoto, kusogea ili wengine wapate nafasi. Katika Suratul Mujaadala, aya ya 11, Allah (s.w.) ameahidi kuwafanyia nafasi wale wanaowafanyia wenzao nafasi katika mabaraza. Konda anaposema "sogea nyuma", Muislamu asogee kwa nia hiyo. Maimamu waliweke suala hili katika khutba za Ijumaa. Na tunapokodi mabasi kwenda kwenye ijitimai, maulidi au mazishi, kiongozi wa msafara ahakikishe gari linarudishwa safi kuliko lilivyochukuliwa.

Wenye magari, madereva na makonda. Ndoo moja yenye mfuniko karibu na mlango inatosha. Imwagwe mwisho wa njia penye pipa, si dirishani mwendo ukiwa umechanganya. Sakafu na mabomba vioshwe kwa maji na sabuni kila siku, si kwa ufagio mkavu unaorusha vumbi. Tajiri wa Kiislamu ajue kuwa gari safi ni sehemu ya uhalali wa nauli anayoipokea.

Serikali za mitaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo. Mapipa vituoni yawepo na yamwagwe kabla hayajafurika, kwani pipa lililofurika huwafundisha watu kutupa chini.

DENI LITALIPWAJE?

Tunahitimisha kwa lile tulilolianzia. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Muslim, aliwauliza masahaba wake ni nani muflisi. Wakamjibu kwa vipimo vya duniani, kwamba ni asiye na dirhamu wala mali. Akawaeleza kuwa muflisi katika umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, funga na zaka, lakini amewatukana, amewasingizia, amewapiga na kuwadhulumu watu. Mema yake yatagawiwa kwa aliowadhulumu, na yakimalizika kabla ya deni kumalizika, atatwishwa madhambi yao.

Aliyemdhulumu jirani anaweza kwenda kubisha hodi na kuomba radhi. Aliyekopa anaweza kurudisha. Lakini mama aliyetemewa mate kwenye dirisha la nyuma pale Ubungo, utampata wapi? Mwenye nyumba Jangwani aliyeingiliwa na maji ya mtaro ulioziba, atajuaje kwamba chupa moja ilikuwa yako? Mtoto wa Buguruni aliyeumwa na mbu aliyekulia katika kopo ulilorusha, utamwomba nani msamaha? Hawa wote ni wadai wako, na mmeshuka vituo tofauti.

Kwa aliyekwisha kutenda, mlango wa toba uko wazi: aache, ajute, aazimie kutorudia, na awaombee dua na kuwatolea sadaka wale asiowajua. Na wepesi wa dini hii ni kwamba njia ile ile iliyochumiwa deni inaweza kuchumiwa thawabu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, na Bukhari na Muslim wamepokea habari za mtu aliyeondoa tawi la miba njiani, Allah akamshukuru na kumsamehe. Yeye hakuwajua watakaopita pale baada yake. Sisi tunawajua: ni watoto wetu, wakienda madrasa.

Tunamuomba Allah (s.w.) azitakase nyoyo zetu, miili yetu na njia zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.